Maziwa ya Jioni Yabaki Nyumbani

Mimi ni karani katika afisi ya kilimo, na nakaa Jericho, mmojawapo wa mitaa ile ya mashariki ya Nairobi iitwayo Eastlands. Kabla ya kushika kazi ya ukarani nilisomea ualimu, kwa hiyo msomaji akiona nafundisha mno na anivumilie. Mazoea ya ubao na chaki hayatoki upesi.

Karibu na mlango wangu liko duka dogo lenye mashine ya kuuzia maziwa. Saa kumi na mbili za jioni watoto wa mtaa hupanga mstari na chupa zao. Huyu ana shilingi ishirini, yule ana thelathini, na mashine humimina kwa kadiri ya fedha. Baba zao ni mafundi wa magari, wachuuzi wa Gikomba, walinzi wa usiku. Mama zao wengi huuza mboga au hufua nguo za watu. Si watu wenye mali. Lakini maziwa yale hununuliwa kila siku, hata kama ni kikombe kimoja cha kugawana watoto wawili. Siku moja nilimwuliza mwenye duka, maziwa yako hutoka wapi? Akanijibu, "Kinangop."

Jibu hilo lilinishika, kwa kuwa mimi mwenyewe ni mzaliwa wa Kinangop. Babu yetu alipewa shamba huko mwaka 1964, katika ule mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962, serikali iliponunua mashamba ya Wazungu na kuyagawia wananchi. Sasa shamba limekatwa vipande, na kaka yangu ndiye akaaye kwenye kipande chetu. Desemba iliyopita nilikwenda kumwamkia.

Ndugu wakulima, sikwenda huko kukagua mtu. Nilikwenda kula sikukuu. Lakini macho ya karani huhesabu hata yasipotumwa. Kaka yangu ana ng'ombe wawili wazuri, na siku zile walikuwa wakitoa lita 14 kwa siku: lita 9 asubuhi na lita 5 jioni. Za asubuhi zilikwenda kwa chama cha ushirika. Za jioni zilichukuliwa na mchuuzi mwenye pikipiki, aliyefika mlangoni kabla povu halijatulia. Kilichobaki nyumbani ni kiasi cha kutia chai rangi, na siku mbili katika zile nilizokaa hata hicho hakikubaki, tukanywa strungi. Chakula cha jioni kilikuwa viazi na kabeji, au ugali na kabeji. Uwanjani yalikuwapo magunia manne ya karoti yakingoja lori, na zile zilizovunjika walipewa ng'ombe.

Kaka yangu ana watoto watatu. Wa mwisho ni mvulana wa miaka mitatu, na mimi nilipomwona nilidhani ana miwili. Shemeji alinionyesha kijitabu chake cha kliniki. Wengi wenu mnakijua: kina michoro ya kuonyesha jinsi mtoto akuavyo, na muuguzi hutia nukta kila mtoto apimwapo. Mstari wa mtoto mwema hupanda kama njia ya mlimani. Mstari wa mtoto huyu ulipanda vizuri mpaka mwezi wa kumi, kisha ukalala. Nilipouliza ni nini kilichotokea mwezi wa kumi, shemeji alisema hapakutokea ugonjwa wowote. Mtoto alianza tu kula chakula cha nyumbani.

Nimelifikiri neno hilo tangu siku ile.

Takwimu za nchi nzima zaonyesha kwamba jambo hili si la nyumba moja. Katika uchunguzi wa afya ya jamaa uliofanywa Kenya mwaka 2014, watoto 26 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani wafupi kuliko wapasavyo kuwa kwa umri wao. Katika uchunguzi wa mwaka 2022 walikuwa 18 katika 100. Ni maendeleo, na tushukuru. Lakini katika hesabu zote mbili waliodumaa vijijini ni wengi kuliko wa mijini. Yaani mtoto wa mtu alimaye chakula ana hatari kubwa kupita mtoto wa mtu anunuaye chakula. Wako watakaosema ni kwa sababu mjini kuna hospitali na maji ya bomba, na ni kweli, hayo yamo. Lakini mimi nasema limo na jambo lingine, na ndilo nililokusudia kuandika: sisi watu wa skimu tumejifunza kuuza, tena tumejifunza vizuri sana, wala hatukujifunza kubakiza.

Zamani, sehemu nyingi, mambo yalijipanga yenyewe. Kampuni ya KCC, iliyoanzishwa mwaka 1925, na vyama vya ushirika vilivyoipelekea maziwa, vilipokea hasa maziwa ya asubuhi, kwani ya jioni yangeharibika kabla ya gari kupita. Kwa hiyo desturi ikawa kwamba fedha za asubuhi ni za baba na ya jioni ni mali ya jikoni, chini ya amri ya mama. Hakuna aliyeandika sheria hiyo. Halafu zikaja mashine za kupoza maziwa, zikaja pikipiki, na mji ukaongezeka watu. Maziwa ya jioni yakapata bei. Mkulima akafurahi, na ana haki ya kufurahi. Ila kikombe cha mtoto kilitegemea ubovu wa barabara, na barabara ilipotengenezwa kikombe kikakauka. Mimi sisemi tuharibu barabara.

Watu wazima kunipita hukumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa watoto wa shule mwaka 1979 katika paketi za pembe tatu. Siku zile hata baba aliyeuza yote alijua mtoto wake atakunywa shuleni. Mpango ule ulikwisha zamani. Tena mtoto wa miaka mitatu hajaenda shule, na wataalamu wasema siku 1,000 za kwanza, tangu mimba kutungwa mpaka mtoto kutimiza miaka miwili, ndizo zenye uzito kuliko zote. Kimo kilichopotea katika siku hizo hakirudi chote.

Kwa nini nang'ang'ania maziwa, na mtoto analala ameshiba viazi? Kwa sababu kushiba ni jambo moja na kukua ni jingine. Viazi na ugali ni vyakula vya nguvu. Maziwa yana protini ya kujenga mwili, madini ya kuimarisha mifupa, vitamini A ya macho na ya kuukinga mwili, na vitamini B12, ambayo haimo katika viazi, wala mahindi, wala kabeji, hata ule gunia zima. Mayai nayo yanazo. Tafadhali yachemsheni maziwa, na mtoto ambaye hajatimiza miezi sita asipewe chochote ila ziwa la mama yake. Naye asianze kunywa maziwa ya ng'ombe kikombeni mpaka atimize mwaka, huku akiendelea kunyonya.

Nilimwambia kaka yangu haya, akanisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza swali. "Wewe unalipwa mshahara mwisho wa mwezi. Mimi nina karo ya Januari, nina deni la chakula cha ng'ombe, na mvua imekataa. Nipunguze wapi?" Sikuwa na jibu upesi. Ni rahisi sana mtu wa afisi kumwambia mkulima abakize, hali yeye mwenyewe habakizi kitu ila gazeti la jana. Basi tukachukua kalamu. Watoto watatu, kila mmoja vikombe viwili vidogo kwa siku, ni kama nusu lita kwa kila mtoto, jumla lita moja na nusu. Katika lita 14 hiyo ni kama sehemu moja katika tisa. Ni fedha, sikatai. Kisha tukaandika upande wa pili nauli na dawa za safari nne za kliniki za mwaka ule. Hesabu hazikulingana, za maziwa zilizidi. Nasema hivi kwa sababu sipendi kuwadanganya wasomaji kwamba lishe ni bure. Si bure. Lakini katika karatasi zote zipitazo mezani kwangu, za lita na magunia na kreti, sijaona mahali pa kuandika kilicholiwa na wenye shamba, na kaka yangu naye hakuwa na mahali hapo katika daftari yake. Alikuwa na safu ya chakula cha ng'ombe.

Yako mambo mengine yasiyohitaji shilingi hata moja, na hayo sina huruma nayo.

Kwanza ni mboga za kienyeji. Jioni nikishuka Jogoo Road, mama mboga wamezipanga: managu, terere, saga, kunde, mrenda. Zamani kidogo mtu wa Nairobi aliona haya kuzinunua. Sasa huziulizia kabla ya sukuma wiki, na wataalamu wetu kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta wametumia miaka mingi kuonyesha ubora wake. Majani yake ya kijani kibichi kilichokoza yana vitamini A na madini ya chuma kupita kabeji kwa mbali. Shambani kwa kaka yangu terere ilikuwa imeota yenyewe katika viazi, ikang'olewa kama magugu na kutupwa. Managu ilikuwa nyuma ya zizi, na thabai, yale majani yawashayo ambayo bibi zetu waliyapika na viazi, yalikuwa yamejaa kando ya ua. Nilipouliza kwa nini hayaliwi, kijana mmoja alinijibu kwamba majani ni chakula cha wanawake.

Jibu hilo ni la zamani kuliko yeye. Mwaka 1931 wataalamu wawili, John Boyd Orr na J. L. Gilks, walichapa kitabu juu ya chakula na afya ya Wakikuyu na Wamasai. Waliona kwamba miongoni mwa Wakikuyu wanawake walikula majani mabichi ya kupika kwa wingi, na wanaume hawakuyala sana, na tofauti hiyo ilionekana katika afya zao. Orr huyo baadaye alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Watu wamepewa vyeo kwa kutuambia tule terere, na sisi bado tunaing'oa.

Pili ni upishi. Hapa watu wa Eastlands wasije wakajigamba, kwani sisi ndio wakosaji wakubwa. Mtaani kwetu mama mboga hukukatia sukuma wiki nyembamba kama nyuzi tangu saa nane, wewe huichukua saa moja usiku, huiosha ikiwa imekwisha katwa, na vitamini C huondoka na maji ya beseni. Ninyi mna mboga ingali na umande. Ioshe kwanza, uikate baadaye, uipike kwa maji kidogo na kwa muda mfupi, uitie mafuta kidogo au maziwa, maana vitamini A huingia mwilini vizuri ikipata mafuta. Managu ikiwa chungu sana watu humwaga maji yake. Basi imwagwe mara moja, si mara tatu. Magadi yasitiwe katika mboga wala katika githeri. Najua yanalainisha maharagwe na kuokoa kuni, lakini yanaharibu vitamini. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, nayo yataiva mapema.

Juu ya unga nina neno fupi. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa mahindi wa paketi utiwe vitamini na madini kiwandani. Unga wa posho mili hautiwi. Ukisaga mahindi yako mazima, pamoja na kiini chake, umebakiza wema wa asili. Lakini wako wanaokoboa kwanza ili ugali uwe mweupe kama wa mjini. Hao wamekosa cha asili na cha kiwandani, na wamelipa mwenye mashine kwa kazi hiyo.

Shemeji alikuwa mjamzito, na jambo lililonisumbua kupita yote ni chai. Alikula akinywa chai, asubuhi, mchana na jioni, nzito tena. Chai ni mali ya Kenya nami naipenda, lakini ikinywewa pamoja na chakula huyazuia madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na mboga yasiingie katika damu, na mama mjamzito ahitaji damu ya watu wawili. Anywe chai saa moja baada ya kula, na pamoja na chakula ale chungwa, pera, au nyanya mbichi, ambazo vitamini C yake husaidia madini hayo kuingia. Zile dawa za kuongeza damu apewazo kliniki azimeze, asizifiche chini ya godoro kwa sababu zinamtia kichefuchefu. Aseme na muuguzi.

Kwa wenzetu wa skimu za joto kidogo, kama Lugari, nyinyi mna bahati ya viazi vitamu vya rangi ya chungwa, ambavyo huku kwenye baridi ya Kinangop havistawi. Rangi ile ndiyo vitamini A yenyewe. Mwaka 2016 Mganda Robert Mwanga na wenzake walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia kwa kazi ya viazi hivyo na ya mimea mingine yenye lishe. Sisi wa Kinangop tuna karoti, na karoti iliyovunjika haijapungukiwa na kitu ila bei. Tena, ninyi mnaopeleka lori Nairobi, msirudi na gari tupu. Pale Gikomba kuna omena mkavu kwa madebe; mtoto humla na mifupa yake, na hukaa wiki nyingi bila kuharibika. Najua wengi wa milimani hatukuzoea samaki. Sukuma wiki nayo wazee wetu hawakuizoea.

Wala msidhani natoa Eastlands kuwa mfano wa kufuatwa. Watoto wetu wa mtaani hula chipsi na soda kupita kiasi, hufungiwa ndani ya chumba kimoja wasione jua ambalo mwili hulitumia kutengeneza vitamini D, na mboga nyingine tulazo zimenyweshwa maji machafu kando ya mto wa Nairobi. Mkulima wa skimu ana jua, ana mbolea ya zizi, ana maji safi kutushinda. Ndiyo maana inaniuma kuona mtoto wa Jericho akinywa kikombe kilichotoka kwa mtoto wa Kinangop.

Niliporudi Nairobi sikuwa na hakika kwamba maneno yangu yamefaa kitu. Nilipokuwa nikijifunza ualimu niliandika vikundi vitatu vya chakula ubaoni mara nyingi, watoto wakaviimba, kisha wakaenda nyumbani kula yaleyale. Lakini mwezi wa Aprili nilikwenda tena. Kaka yangu hakusema kitu juu ya mazungumzo yetu. Shemeji ndiye aliyenieleza: yeye huchota lita moja na nusu kwa kikombe cha kupimia kabla mkebe haujatoka jikoni, na baba watoto hujifanya haoni. Kuku wawili wamefanywa kuwa wa watoto, na mayai yao hayaendi sokoni. Terere hupikwa mara mbili kwa wiki, na kijana yule aliyesema ni chakula cha wanawake huila, ila huichanganya na ugali mwingi ili isionekane.

Nilikitazama kijitabu cha kliniki. Uzito umepanda. Kimo kimepanda kidogo tu; muuguzi alimwambia shemeji kwamba kimo huja polepole na asikate tamaa. Mtoto mchanga alikuwa na wiki tatu, msichana, mwenye uzito mzuri.

Jioni ile mchuuzi wa pikipiki alifika kama kawaida yake. Alipima maziwa, akauliza, kama aulizavyo kila siku tangu Januari, ile lita moja na nusu imekwenda wapi.